Lamu waliuzuia mtambo wa makaa ya mawe, sisi wa Mbinga tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni vijana kumi na kitu tupo Mbinga, Ruvuma, tumeunda kikundi, tunataka serikali iachane na makaa ya mawe, kuchimba na kutumia. Tumeandika tamko, tumechapa tisheti, petisheni ipo mtandaoni. Mpaka leo hamna aliyetujibu, na mtaani wanasema tumetumwa na wazungu. Tumesikia Lamu walishinda. Walifanyaje, na sisi tuige nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tamko mlilonitumia nimelisoma mara mbili, limeandikwa vizuri tu, ila nikwambie ukweli, hata mimi ningekuwa waziri nisingelijibu, manake halijaniomba kitu. Mmeandika "serikali iachane na makaa ya mawe". Serikali ipi sasa? Leseni ya kuchimba inatoka Tume ya Madini, cheti cha mazingira kinapitia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, mpango wa umeme wa nchi uko Wizara ya Nishati, ushuru wa huduma unaingia halmashauri, na bandarini huko Mtwara kuna watu wengine kabisa. Kila mmoja wao akilisoma hilo tamko anaona linamhusu jirani yake. Nimefuatilia kampeni nyingi za makaa ya mawe, na zile zilizoshinda karibu zote zilishika karatasi moja, yaani uamuzi mmoja ambao mtu fulani ilibidi ausaini, wakaung'ang'ania huohuo miaka na miaka. Zilizobaki na kauli ya jumla zilipata picha nzuri za gazetini basi.

Lamu nitaieleza kwa kirefu manake watu wengi wanaisimulia nusu.

Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliwapa kampuni ya Amu Power tenda ya kujenga mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, bara ya Lamu, kilomita ishirini na kitu tu kutoka mji wa kale ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mradi wa dola bilioni 2 hivi, bomba la moshi mita 210, na makaa yenyewe mwanzoni yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini halafu baadaye ndo yachimbwe bonde la Mui huko Kitui. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa leseni ya mazingira. Hiyo leseni ndo ikawa karatasi yao.

Sasa angalia walichofanya. Save Lamu, ambao ni muungano wa vikundi vya wenyeji, wakiwa na mawakili wa Katiba Institute, hawakwenda kwenye traibunali ya mazingira kusema makaa ya mawe ni mabaya kwa dunia. Walikwenda kusema leseni hii imetolewa bila kufuata utaratibu. Sheria yao inampa mtu siku 60 kukata rufaa, wakakata mwaka uleule wa 2016, na kwa sheria ilivyokuwa wakati huo rufaa ikishapokelewa mradi unasimama mpaka iamuliwe. Kwa hiyo kabla hata hawajashinda lolote walikuwa washapata karibu miaka mitatu ambayo ujenzi haukuanza, na hiyo miaka mitatu mimi naona ndo ilikuwa ushindi wenyewe, utaona kwa nini.

Tarehe 26 Juni 2019 traibunali ikaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika ndiyo, kampuni ilionyesha picha na mahudhurio, lakini ilikuwa mikutano ya mwanzo, ya kuutambulisha mradi, wakati utafiti wenyewe haujafanyika. Ripoti nene ilipotoka, ile yenye habari za moshi na majivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, hapo ndo mwananchi alitakiwa aletewe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, aulize, ajibiwe. Hapo hawakumfikia. Na pia Kenya ilikuwa na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ambayo ripoti iliipita kama haipo. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa hiyo rufaa, leseni ikabaki imefutwa. Hesabu, toka leseni itoke mpaka hapo ni miaka tisa. Kikundi chenu kina mtu wa kukaa na faili miaka tisa? Siwakatishi tamaa, nauliza tu, manake hilo ni swali la kwanza kabla ya tisheti.

Mguu wa pili wa Lamu ulikuwa hela, na huu watu hawausemi. Kenya wakati huo matumizi ya juu kabisa ya umeme, ile saa ya jioni kila mtu kawasha taa, yalikuwa kama megawati 1,900. Mtambo mmoja wa 1,050 ni zaidi ya nusu ya hiyo. Na mkataba na Kenya Power ulikuwa wa kulipa uwezo wa mtambo, umeme utumike usitumike, wachambuzi waliupigia hesabu ukafika kama dola milioni 360 kwa mwaka kwa miaka 25. Ni kama kulipa pango la nyumba ambayo hulali. Hoja hii ilifika mahali ambapo hoja ya mikoko isingefika, mtu wa Kayole, mtaa wa Nairobi, hajawahi kuona Lamu wala hana habari na samaki wa Lamu, lakini tokeni ya umeme anainunua kila wiki na anajua ilivyopanda. Kampeni ya deCOALonize ililibeba hilo Nairobi wakati wavuvi wanalibeba la kwao Lamu, hawakulazimishana kuimba wimbo mmoja.

Na hapo ile miaka mitatu ikaanza kulipa. Mkopeshaji hapendi mradi wenye kesi. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haina mpango wa kuweka hela pale, 2020 General Electric ya Marekani, ambao walitakiwa walete mitambo na kununua hisa, wakatangaza wanaacha kujenga mitambo mipya ya makaa ya mawe, benki ya China ya ICBC nayo ikajitoa, na Septemba 2021 Rais Xi akasema Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga mipya nje ya nchi yake. Rufaa ya kampuni iliposikilizwa Malindi sidhani kama kulikuwa na mtu wa kuujenga huo mtambo hata wangeshinda. Kwa hiyo mtu akikwambia Lamu walishinda kwa maandamano mwambie maandamano yalikuwepo, ila kilichoua mradi ni karatasi iliyokwama mpaka hela ikachoka kusubiri.

Haya tuje kwenye hilo la kutumwa na wazungu. Lamu waliambiwa hivyohivyo. Na wakati wanaambiwa, mwaka 2019, balozi wa Marekani Nairobi bwana Kyle McCarter alikuwa Twitter anasifia makaa ya mawe hadharani kabisa! Mitambo ilikuwa itoke Marekani, mkopo utoke China. Ukiuliza nani alitumwa na nani hapo utacheka. Ila msiishie kucheka, manake anayewaambia hivyo Mbinga ana sababu. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza na Ulaya ikabanwa, meli zilikuja Mtwara kupakia makaa ya Ruvuma, malori mmeyaona wenyewe yanavyopishana kutoka mgodi wa Ngaka hapo kwenu. Walewale waliokuwa wanatuhubiria. Uingereza walijenga mtambo wao wa kwanza wa makaa London mwaka 1882, wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, wameufunga tarehe 30 Septemba 2024, yaani wameyachoma kwa umeme miaka 142 ndo wakaacha. Sisi gridi yetu inaendeshwa na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay na maji, sasa na bwawa la Nyerere la megawati 2,115, makaa hayamo. Kwa hiyo mkisimama kwenye mkutano mkasema Tanzania inaharibu hali ya hewa ya dunia, mzee atasimama nyuma awaulize maswali mawili tu na mkutano umekwisha. Mwacheni huyo mzee ashinde hilo, ana haki. Semeni vumbi, maji ya mto, barabara, ushuru unaenda wapi, na siku soko la nje likifunga kijana wa Ngaka atakula wapi. Hilo la mwisho msilipuuze, mnunuzi aliyekuja kwa sababu ya vita ataondoka vita ikiisha au akipata gesi, na hatawaaga.

Kutoka kwa hao Waingereza kuna kitu kimoja cha kuchukua, tarehe. 2012 makaa yalikuwa yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wao. 2013 wakaweka kodi ya hewa ya ukaa kwa mitambo, makaa yakaanza kuwa ghali kuliko gesi, 2015 waziri akatangaza mwisho uwe 2025, baadaye wakairudisha nyuma iwe 2024. Ikishatangazwa tarehe, kila benki na kila kampuni inaanza kupanga kuelekea huko yenyewe. Ontario huko Kanada ni hivyohivyo, 2003 robo ya umeme wao ilikuwa makaa, 2014 sifuri, na waliosukuma sana pale ni madaktari, walizungumza pumu na vifua, siasa waliwaachia wanasiasa. Nyie pia tafuteni mganga au nesi wa zahanati ambaye yuko tayari kusema anachokiona kwenye daftari lake la wagonjwa. Kama haoni kitu, basi msiseme.

Ila sasa hapa ndo ninapotofautiana na mpango wenu. Lamu ilikuwa kuzuia kitu ambacho hakipo. Hakuna mtu Kwasasi aliyekuwa anapokea mshahara wa mtambo. Nyie Ngaka wanachimba toka 2011, kuna dereva, kuna mama lishe pale Amani Makoro, kuna fundi wa matairi, kuna viwanda vya saruji vinavyochoma hayo makaa kwenye tanuri. Mkianza na "funga mgodi" mmeshawapa wapinzani wenu watu mia kadhaa bure, na wengine ni kaka zenu.

Someni yaliyotokea Komati, Mpumalanga, Afrika Kusini. Mtambo mkongwe wa Eskom, shirika la umeme la kule, Oktoba 2022 ukazimwa, Benki ya Dunia ikatoa kama dola milioni 497, ikatangazwa kuwa mfano wa dunia, sijui sola, sijui kilimo, sijui mafunzo. Wafanyakazi wa Eskom wenyewe wengi walihamishiwa mitambo mingine. Walioumia ni vibarua wa makandarasi, wapangishaji nyumba, wenye maduka, hao mkataba wowote haukuwataja. Mitambo ilizimwa kwanza, kazi mpya zikaja nyuma zikisuasua, na hata tume ya rais ya tabianchi ya kwao ilikiri kwamba maandalizi hayakutosha. Toka hapo ukitaja kuachana na makaa Mpumalanga nzima wanakutajia Komati. Wajerumani angalau walikaa mezani kwanza, tume yao ikamaliza kazi Januari 2019, humo kuna vyama vya wafanyakazi na watu wa majimbo ya migodi, wakakubaliana mwisho 2038 na euro bilioni 40 kwa mikoa inayopoteza. Wanaharakati wengi waliona 2038 ni mbali mno, na mimi nakubaliana nao, lakini fungu lilitajwa siku moja na tarehe.

Kwa hiyo mngekuwa kikundi changu ningepanga hivi. Lamu yenu ni Mchuchuma, sio Ngaka. Mchuchuma kule Ludewa, jirani zenu wa Njombe, mkataba wa NDC, shirika la maendeleo la taifa, na kampuni ya China ya Sichuan Hongda ni wa 2011, ndani yake kuna mtambo wa megawati 600 wa makaa, na mpaka leo haujajengwa. Na Mpango Kabambe wa Umeme wa 2020 bado una makaa ya mawe ndani. Hapo ndo pa kuomba sera: Wizara ya Nishati ikipitia mpango huo, makaa yatoke, na isitolewe idhini ya mtambo mpya wa umeme wa makaa. Hamna anayepoteza kazi leo kwa ombi hilo. Hoja ni ileile ya Kenya, nani atalipa mkataba wa miaka 25 kwa umeme wa bei gani wakati bwawa tunalo, na benki gani imebaki ya kukopesha. Tafuteni wenzenu Ludewa kabla hamjaandika lolote, wao ndo wenye eneo, na baadhi yao wanadai fidia toka zamani kwa hiyo huo mradi wanausubiri. Wasikilizeni kwanza, msiende na tamko mfukoni.

Kwa Ngaka yenyewe ombi liwe tofauti, la nidhamu ya mgodi na mwisho wake. Mpango wa kufunga mgodi uko wapi, hela ya kufukia mashimo na kurudisha ardhi imewekwa kiasi gani na inashikwa na nani. Malori yafunikwe maturubai, barabara imwagiwe maji. Ushuru wa huduma unakatwa kwenye mauzo, halmashauri ilipokea kiasi gani mwaka uliopita na kijiji kilipata nini. Mpango wa wajibu kwa jamii wa mwaka huu ulikubaliwa na nani. Ombi la namna hii dereva wa lori analisaini, na akishasaini moja na nyie siku ya kuzungumza miaka kumi ijayo mtazungumza mkiwa upande mmoja.

Kuna jambo moja gumu ambalo kwenye tamko mmelikwepa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mzuri kabisa, ila ndani ya hekaheka hiyo STAMICO, shirika la madini la taifa, wanatengeneza mkaa wa Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe ya Kiwira na zinapelekwa mashuleni na magerezani kama mbadala wa kuni. Miti inapona, sawa, na mimi kuni za shule najua zinavyomaliza milima. Lakini ni makaa ya mawe yanaingizwa jikoni, na ukishajenga viwanda vya hiyo kitu huvifungi kirahisi. Mimi msimamo wangu: msiipinge hadharani kama hamna cha kumpa mwalimu mkuu anayepikia watoto mia nane. Ombeni vipimo vya moshi wake jikoni vitolewe hadharani, na shule zilizo karibu na mji zipewe gesi au umeme kwanza. Mtu akiwauliza "kwa hiyo turudi kuni?" muwe na jibu la sentensi moja.

Karatasi mtazipataje? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua moja, swali moja, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakiwanyima au wakikaa kimya, ule muhuri wenye tarehe nao ni ushahidi. Ripoti ya tathmini ya mazingira iombeni NEMC, kaeni nayo, tafsirini muhtasari wake kwa Kiswahili cha kwenu na mwende nao kanisani, msikitini, kwenye ushirika wa kahawa (AMCOS). Kazi hiyo haina picha nzuri ya Instagramu lakini Lamu walishinda kwa sababu hiyohiyo, kampuni ilishindwa kuonyesha kwamba watu waliisoma.

Usalama pia. Oktoba 2020 kule Somkhele, KwaZulu-Natal, mama mmoja Fikile Ntshangase aliyekuwa akipinga upanuzi wa mgodi wa makaa aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Sisemi Mbinga iko hivyo. Nasema msiwe na uso mmoja wa kampeni, na tisheti zenye majina migongoni ziacheni. Kikundi kisajiliwe, barua zisainiwe na watu watano wa vijiji tofauti, polisi wapewe taarifa ya mkutano kwa maandishi, na katikati yenu awepo mzee mmoja au wawili ambao mkuu wa wilaya akiwaona anasimama kuwasalimia.

Petisheni ya mtandaoni msiifute, ila msiitegemee, nimeona waliosaini wengi wako Dar na nje, na hilo ndo linalowapa watu neno la kutumwa. Saini zenye nguvu kwenu ni za mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa ukae kila miezi mitatu, na azimio lake likiingia kwenye muhtasari linakwenda kata, linakwenda halmashauri, diwani hawezi kujifanya hajaliona. Mwoneni mtendaji wa kijiji mapema, muombe ajenda iingie kwa maandishi kabla ya tangazo kubandikwa, manake kwenye mengineyo mtapewa dakika mbili watu wanaondoka. Leteni maombi mawili tu, malori kufunikwa na mpango wa kufunga mgodi kusomwa hadharani, na aliyesimama kuongea awe mtu anayefanya kazi mgodini au mke wake. Yakipita ombeni nakala ya muhtasari siku ileile, yenye saini ya mwenyekiti na mtendaji, mnipigie picha kurasa zote mnitumie, hapo ndo tutaandika barua ya Tume ya Madini tukiwa na kitu cha kuambatisha.